Theluji Ni Ileile, Mbona Hoja Mbili?

Jumamosi moja, katika ukumbi wa chuo kimoja hapa Moshi, kijana wa mwaka wa kwanza alisimama kuzungumza akanyoosha kidole dirishani. Mawingu yalikuwa yamefunguka na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilionekana yote, hadi juu. Mada ya siku ilikuwa kwamba anayekata mti ndani ya msitu wa Kilimanjaro afungwe jela, asitozwe faini. Kijana akasema, "Ndugu majaji, sihitaji maneno mengi. Theluji ile pale inaisha. Watu wanakata miti. Nani bado ana swali?" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi, niliyekuwa nimekaa mbele na karatasi ya alama, nikampa alama za chini kuliko wote. Za juu nilimpa binti wa upande wa kupinga, aliyesema mkaa ni uhai wa maskini na kwamba ukimfunga mkata miti, nyumba yake italala njaa.

Kijana hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutaka maelezo. Nilichomwambia siku ile mlangoni kilikuwa kifupi mno. Hapa nakiandika kwa kirefu, kwa ajili yake na kwa yeyote anayejiunga na klabu ya mdahalo chuoni akidhani anakwenda kujifunza kuongea vizuri.

Kosa lake halikuwa uongo. Theluji inaisha kweli. Mwaka 2000 Lonnie Thompson, mtafiti wa Marekani, na wenzake walipanda Kilimanjaro wakatoboa barafu ya kileleni kuichunguza, na mwaka 2002 wakachapisha kwamba takriban asilimia 80 ya eneo lililokuwa na barafu mwaka 1912 limebaki mawe matupu. Miti kukatwa nako ni kweli. Hilo halihitaji mtafiti. Lakini msitu wa mlima unakoma kwenye mita 3,000 hivi, barafu imekaa huko juu karibu na kilele cha mita 5,895, na katikati yake kuna ukanda mkavu wa vichaka na mawe ambao wapagazi wanaujua kwa miguu yao. Mti ukianguka huku chini, barafu kule juu inajuaje? Hapo ndipo hoja yake ilipotakiwa kukaa, na hapo palikuwa patupu.

Sitaki kumlaumu peke yake. Tulivyolelewa ndivyo hivyo. Shule ya msingi tulifanya midahalo: dakika nzima ya kwanza inaliwa na salamu kwa mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda, walimu na wanafunzi wenzangu, kisha unatangaza unasimama kuunga mkono au kupinga mada isemayo maisha ya kijijini ni bora kuliko maisha ya mjini. Au elimu ni bora kuliko mali. Au mkulima ni bora kuliko daktari. Hakuna aliyeuliza bora kwa nani, au bora kwa jambo gani. Ulichotakiwa kufanya ni kuorodhesha: hoja yangu ya kwanza, hoja yangu ya pili, mpaka kengele ilie. Mwenye nyingi ndiye mshindi. Tulipofika sekondari mdahalo ukahamia Kiingereza, na kwa wengi wetu ukageuka zoezi la kutokukosea sarufi mbele ya watu. Shukrani zake zipo, maana ulituondoa woga wa kusimama. Ila ulituachia imani kwamba hoja ni kitu cha kuhesabu, kama mikungu ya ndizi sokoni Mbuyuni.

Na tuna urithi mwingine, wa heshima zaidi: ngonjera. Mathias Mnyampala ndiye aliyeipa umaarufu, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilisambaa mashuleni kufundishia siasa ya ujamaa. Wawili wanajibizana kwa beti, mmoja anashikilia ujinga wake, mwingine anamwelimisha, mwisho wanakubaliana. Naipenda ngonjera. Lakini ndani yake mshindi anajulikana kabla ya ubeti wa kwanza, na anayepinga amewekwa pale ili apingwe. Mwanafunzi aliyezoea hivyo akiingia ukumbini anamtazama mpinzani kama mtu aliyepotea njia, anayesubiri kuelekezwa, na hasikilizi anachosema.

Sasa tuingie ndani ya hoja yenyewe. Mwaka 1958 mwanafalsafa wa Uingereza, Stephen Toulmin, aliifungua hoja kama fundi anavyofungua injini, akaziweka sehemu zake mezani. Kuna dai, yaani kile unachotaka tukubali. Kuna ushahidi unaousimamia. Na kati ya viwili hivyo kuna kitu ambacho kwa kawaida hakitamkwi: sababu inayoturuhusu kutoka kwenye ushahidi huu kwenda kwenye dai hili. Klabuni kwetu tunakiita daraja. Toulmin aliongeza mambo mengine matatu: kinacholishikilia daraja lenyewe, kiasi cha uhakika unaoudai (siku zote? mara nyingi? huenda?), na hali ambazo dai halitasimama. Hayo matatu mtu hujifunza polepole. Daraja ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu kichwani mwa msemaji limeshajengwa, naye anadhani sisi pia tunaliona.

Theluji ya Kibo ni darasa zuri la jambo hili. Picha zile za barafu inayopungua zimezunguka dunia nzima kama ushahidi wa ongezeko la joto, na daraja lake linaonekana la wazi kabisa: joto huyeyusha barafu. Nani asiyelijua hilo? Lakini mwaka 2004 Georg Kaser wa Austria na wenzake walikwenda kulikagua daraja hilohilo. Wakasema joto la hewa kileleni hubaki chini ya sifuri. Wakaonyesha kuta za barafu zilizosimama wima zenye kingo kali, ilhali barafu inayoyeyushwa na hewa ya joto hulainika na kuwa mviringo. Maelezo yao ni kwamba tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 hewa ya Afrika Mashariki ilikauka: theluji mpya ikapungua, mawingu yakapungua, jua likapata nafasi ya kuichapa barafu, na sehemu kubwa ya barafu ikaondoka kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hatua ya maji. Ushahidi ni uleule. Barafu ni ileile. Kilichobadilika ni daraja.

Msomaji mwenye haraka atasema, kwa hiyo hao wanakana ongezeko la joto duniani. La hasha. Walichosema ni kwamba Kibo, yenyewe peke yake, si shahidi mzuri wa jambo hilo. Kupinga daraja siyo kupinga dai. Dai linaweza kuwa kweli kabisa na bado hoja uliyoletewa ikawa mbovu, kwa sababu kuna njia nyingine nzuri ya kulifikia. Mwanafunzi akilielewa hili nusu ya kazi yangu imekwisha, na wengi huchukua muhula mzima. Tumezoea kwamba anayekosoa hoja yako yuko upande wa adui.

Rudi kwa kijana wetu. Angeweza kujenga daraja: msitu hutoa unyevu, unyevu hupanda na upepo, mawingu hufunga, theluji huanguka, ukifyeka msitu, mnyororo unakatika. Angesema hivyo ningempa alama, hata kama mpinzani wake angeuliza mara moja unyevu huo ni kiasi gani ukilinganisha na ule unaoletwa na pepo za Bahari ya Hindi. Hoja yenye daraja ina mahali pa kupigwa. Isiyo na daraja haipigiki, na watu huchukulia kutopigika huko kama nguvu.

Tena, niseme kama kocha, theluji hakuihitaji kabisa. Maji ya mito inayoshuka huku kwetu na kumwagika Pangani hutokana zaidi na mvua na ukungu wa ukanda wa msitu kuliko barafu ya kileleni. Daraja hilo ni fupi na imara: msitu hukamata maji, sisi tunayanywa na kumwagilia vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Alikuwa na njia ya hatua tatu, akachagua kuruka bonde kwa sababu theluji inapendeza dirishani.

Mahali ambapo Kiswahili chenyewe hututega ni kwenye methali. Methali ni daraja lililojengwa na mababu, na kwa sababu ni lao hakuna anayelikagua. Mwanafunzi anasema serikali isiharakishe sheria hii kwani haraka haraka haina baraka, na ukumbi unatikisa vichwa. Mwenzake anainuka: ngoja ngoja huumiza matumbo. Vichwa vilevile vinatikisika. Mimi sizikatazi, kama wafanyavyo makocha wengine wanaotaka wanafunzi waongee kama watu wa London. Nauliza swali moja: kati ya hizo mbili, ni ipi inayoihusu hali hii, na umejuaje? Anayejibu, kwa mfano, kwamba kosa la sheria hii likishatokea halirekebishiki, na kwa hiyo kuchelewa kuna gharama ndogo kuliko kukosea, huyo ameacha kuegemea methali na ameanza kujenga. Na methali yake inabaki, sasa ikiwa na kazi ya kufanya.

Kuna jambo la pili ambalo ningependa kila mwanafunzi alibebe, nalo ni mzigo wa kuthibitisha. Kwa hili hatuna haja ya kwenda mbali. Saa mbili kwa basi tuko Arusha, ambako Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Watu 93 walishtakiwa pale, na 14 kati yao waliachiwa huru baada ya kesi kusikilizwa. Ninapolisema hili darasani daima kuna anayekasirika: kwani mauaji hayakutokea? Yalitokea. Mwaka 2006 majaji wa rufaa waliamua kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 ni jambo linalojulikana na wote, halihitaji kuthibitishwa upya katika kila kesi. Lakini uamuzi huo haukumwondolea mwendesha mashtaka mzigo wake mwingine: kwamba mtu huyu aliyeketi hapa alitenda hiki na hiki. Maswali mawili, mizigo miwili. Uzito wa la kwanza hauwezi kukopeshwa la pili, hata pale moyo unapotaka.

Mdahalo wa chuo si mahakama, na mizani yake si kali hivyo. Ila mzigo upo, nao humwangukia kwanza anayetaka mabadiliko. Anayesema wakata miti wafungwe lazima aonyeshe kwamba tatizo lipo, kwamba jela inalifikia tatizo hilo kuliko faini inavyolifikia, na kwamba gharama yake haizidi faida. Anayepinga hahitaji kuchukia miti. Hili huwashangaza sana wanaotoka kwenye midahalo ya "ni bora kuliko", ambako ukipinga mada ya miti inabidi useme miti haina maana. Unaweza kuipenda miti, ukapanda mia moja kwenu Machame, na bado ukasema jela siyo dawa. Akikubali pingili moja ya mnyororo na kukata inayofuata, mpinzani amefanya kazi safi kuliko anayekataa kila kitu kwa sauti.

Kuhusu taratibu za ukumbini nitapita haraka, maana hizo kila klabu itakuelekeza. Mfumo unaotumika sana vyuoni, na kwenye mashindano ya dunia ya vyuo vikuu yaliyoanzia Glasgow mwaka 1981 na kufika Gaborone mwaka 2011, una timu nne za watu wawiliwawili: mbili zinatetea mada, mbili zinapinga, na kila moja inashindana na nyingine zote tatu, hata ile iliyo upande wake. Mada hutangazwa, mna dakika 15 za kujiandaa, kila mzungumzaji ana dakika saba. Kati ya dakika ya kwanza na ya sita, mtu wa upande wa pili anaweza kuinuka kuomba kukuingilia kwa sentensi moja au swali. Sisi tunaita taarifa, kama wabunge Dodoma, na kama Bungeni, unaweza kuikubali au kuikataa. Ukikaa dakika saba bila kukubali hata moja, majaji wataona unaogopa.

Kinachofundisha zaidi ni mazoezi ya siku za kawaida, yasiyo na makofi. Tunalo moja ninalolitegemea kuliko yote: kabla hujajibu, irudie hoja ya mwenzako kwa maneno yako mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo, hicho ndicho nilichosema. Mara ya kwanza karibu kila mtu hushindwa. Hurudia kitu dhaifu zaidi, kitu rahisi kupigwa, na mwenzake anatikisa kichwa kukataa. Jaribu tena. Wengine hufika jaribio la tano wakiwa wamekasirika, na hapo ndipo wanapogundua kwamba walikuwa wakibishana na mtu waliyemtunga wenyewe.

Zoezi la pili limejificha kwenye sarufi yetu. Kiswahili kinatupa "hata" na "-ki-": hata tukikubali kwamba jela inatisha, bado mkata miti hajui atakamatwa, na kisichojulikana hakitishi. Sentensi ya namna hiyo inampa mpinzani pointi yake na kuinyang'anya faida palepale. Kwa Kiingereza wanafunzi wangu hulijua umbo hilo kwa kukariri. Kwa Kiswahili hulitumia wakilifikiri. Siyo jambo dogo siku hizi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na wapo mawakili waliosomea kujenga hoja kwa lugha moja wanaotakiwa sasa kuzijenga kwa nyingine. Klabu nyingi bado zinafanya kila kitu kwa Kiingereza kwa ajili ya mashindano. Naelewa. Yetu inatenga Jumamosi moja kila mwezi ya Kiswahili kitupu, na ni siku ambayo watu hukosa pa kujificha.

Wazazi huniuliza mambo mawili. La kwanza: mnawafundisha watoto kutetea wasichokiamini, huo si uongo? Upande hupangwa kwa kura, ni kweli, na leo unaweza kutetea jela uliyoipinga wiki iliyopita. Lakini kila aliyeko ukumbini anajua umepangiwa, hakuna anayedanganywa. Hatari ninayoiona ni nyingine: baada ya miaka miwili, mwanafunzi hodari anaweza kuanza kuamini kwamba kwa kuwa kila upande una la kusema, basi pande zote zina uzito sawa. Hapana. Yapo madaraja yanayobeba lori na yapo ya kamba. Sijapata dawa kamili ya ugonjwa huo, zaidi ya kuwalazimisha baada ya kila mdahalo waseme, nje ya mchezo, wao wenyewe wameshawishika wapi.

La pili huja kwa sauti ya chini kidogo: amerudi nyumbani, sasa anabishana na babu yake. Mwanafunzi mmoja wa Marangu alinisimulia alivyomkatiza mzee kwenye kikao cha familia kuhusu kugawa kihamba, akamwambia hoja yake haina ushahidi. Alikuwa sahihi na akatolewa nje. Tuliifanya kesi yake zoezi. Angemwamkia, kisha angesema, "Babu, kama nimekuelewa, unahofia tukigawa kihamba mara nne kila mtu atabaki na kipande kisichotosha hata migomba. Ndivyo?" Mzee angesema ndivyo, au angesahihisha. Ndipo ungekuja mlango wa kuuliza. Ni lile zoezi letu la kurudia, likiwa limevaa adabu, na nadhani wazee walikuwa nalo kabla yetu.

Yule kijana wa theluji alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa ameomba karatasi zangu za alama za siku ile, jambo ambalo kila mshiriki anaruhusiwa na hakuna anayelifanya. Akaziweka mezani, yake na ya binti aliyepinga.

"Kocha," akasema, "mimi sikuunganisha miti na theluji, nimekubali. Huyu alisema ukimfunga mkata miti, nyumba yake italala njaa. Je, aliunganisha wapi? Alionyesha kwamba mkata miti ndiye anayelisha nyumba? Kwamba faini isingeiacha na njaa vilevile?"

Nikaisoma karatasi yangu. Pembeni ya maneno ya binti nilikuwa nimeandika "nzuri, wazi". Daraja halikuwepo. Nilikuwa nimemjengea mimi mwenyewe, kimyakimya, kwa sababu nilikuwa nakubaliana naye.

Nikachukua kalamu nikashusha alama za binti. Za kijana ziliendelea kuwa zilezile, naye hakuomba zipandishwe.